Sare za Hinekura Hazichanganywi

Nyumbani kwa Hinekura kuna mashine moja tu ya kufulia, lakini sheria zake ni nyingi kama za bunge. Taulo za kufutia vyombo hazifuliwi na nguo. Kitambaa cha meza hakikutani na soksi. Foronya hazilali na chupi. Na sare za kazini ndizo kabisa! Hizo hazichanganywi na kitu chochote, hata kiwe kisafi namna gani.

Mumewe, Hohepa, alijaribu mara moja. Ilikuwa mwaka wao wa kwanza Goodna, walipohamia Australia kutoka kwao New Zealand. Aliona mashine ina nafasi, akatumbukiza taulo mbili za vyombo juu ya sare za mkewe. Hinekura alipofungua mfuniko, alizitoa zile taulo kwa ncha za vidole na kuzitupa kwenye pipa la taka.

"Taulo mpya hizo!" Hohepa alilalamika.

"Zilikuwa mpya," Hinekura alisema. "Sasa ungezifutia sahani ya nani? Yako?"

Tangu siku hiyo Hohepa huuliza kabla ya kugusa.

Huo si ukorofi. Ndivyo Wamaori wengi, wenyeji wa asili wa New Zealand, wanavyolelewa. Kinachogusa chakula hakikai pamoja na kinachogusa mwili. Mama yake Hinekura, kule kwao Opotiki, alikuwa na mabeseni mawili ya bati, moja la jikoni na moja la nguo. Mtoto aliyeyakosea alikiona cha moto. Na kazi ya Hinekura yote ni ya miili. Anatunza wazee katika makao yaliyo karibu na mto. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawabadilisha. Mzee akifariki katika zamu yake, yeye ndiye anayemwosha uso na kumfumba macho. Nguo iliyofanya kazi hiyo itafuliwaje na taulo la kufutia vikombe vya watoto?

Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi, sare huingia kwenye mashine peke yake. Blauzi mbili za kijani, suruali mbili za kijani, basi. Kila moja ina nembo ya makao, ua la manjano. Umeme analipa yeye. Maji analipa yeye. Sabuni ananunua yeye. Makao hayana mashine ya wafanyakazi, wala hayatoi hata senti moja ya sabuni. Hinekura hakuwahi kulalamika. Aliona ni sehemu ya kazi.

Mwezi wa tisa zikaja barua mbili kutoka ofisi ya kodi. Moja ilikuwa ya Hinekura, nyingine ya Hohepa. Zilifanana kama mapacha.

Hinekura aliisoma yake akiwa amesimama jikoni, bado amevaa viatu vya kazini. Barua ilisema hivi: dai lako la gharama za kufua sare limezidi madai ya wengi wanaofanya kazi kama yako. Liangalie tena. Kama ni sahihi, tueleze ulivyolipata. Kama umekosea, lirekebishe. Una siku ishirini na nane.

Aliisoma mara ya pili. Masikio yakawa ya moto.

"Wananiita mwizi," alisema.

"Hawajasema mwizi," Hohepa alijibu.

"Wamesema kwa adabu."

"Si wamesema tu uangalie?"

"Hohepa, miaka kumi na minne nimefanya kazi kwenye vyumba vya wazee wenye pete za dhahabu mezani. Sijawahi kuchukua hata peremende. Leo nitiliwe shaka kwa sabuni?"

Hohepa alikuwa ameshaikunja barua yake na kuitia chini ya bakuli la matunda. Hohepa ni mtu wa amani. Amani yake huwa ni kutokutazama.

Lile dai lilitoka wapi? Hapo ndipo anapoingia Rewi.

Rewi ni mtoto wa ami yake Hohepa. Ni mlinzi katika duka kubwa la pale mjini. Kila mwezi wa saba, mwaka wa kodi unapokwisha, Rewi huzunguka nyumba za ndugu na kuwajazia watu fomu zao kwenye simu, moja baada ya nyingine. Malipo yake ni katoni ya bia na sahani ya chakula. Kwenye sehemu ya kufua nguo za kazi, humwandikia kila mtu dola mia moja na hamsini. Mwenye sare, mia na hamsini. Asiye na sare, mia na hamsini. Bibi mmoja aliyestaafu nusura naye apate, kama si mwanawe kumzuia.

Jumapili ile Rewi alipofika kula, alikuta barua mbili kwenye sahani yake badala ya nyama.

"Aa! Hizi?" alicheka. "Shemeji, hizi wanatuma kwa maelfu. Usijibu."

"Wanataka kujua mia na hamsini imetoka wapi. Hebu niambie. Imetoka wapi?"

"Si ndiyo ile ya serikali? Kila mtu anapewa mia na hamsini."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui. Ulinihesabia? Uliniuliza nafua mara ngapi?"

Rewi alimtazama Hohepa, akitafuta msaada. Hohepa alikuwa anakoroga mchuzi uliokwisha korogeka zamani.

"Shemeji, unanipa kesi bure," Rewi alisema. "Nimewasaidia. Kama umeogopa, ifute tu. Andika sifuri, waombe radhi, yaishe."

"Tufute zote mbili," Hohepa alidakia. "Tulale usingizi. Vipesa vyenyewe vidogo."

Hinekura aliweka mwiko chini.

"Niombe radhi kwa nini? Nafua au sifui? Nani kati yenu amewahi kuniona nimekosa kufua? Mnanisikia Jumatatu alfajiri, mnajifunika mto kichwani kwa kelele za mashine. Leo niandike sifuri? Sifuri ndiyo uongo mkubwa kuliko wote!"

Rewi alipata chakula chake, lakini alikula haraka na hakuomba kuongezwa.

Jumanne Hinekura alikwenda kwenye duka moja la watu wanaojazia wengine fomu za kodi kwa malipo. Alikaa mbele ya kijana mwenye tai, akampa barua na kumweleza yote, sare na zamu na siku tatu za kufua. Kijana alikuwa anapiga chapa hata kabla hajamaliza.

"Tutaandika senti hamsini kila mara unapofua," alisema. "Ni kiwango cha mtu anayechanganya sare na nguo nyingine."

"Mimi sichanganyi."

Kijana alitabasamu bila kuinua macho. "Mama, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii. Hakuna mtu anayewasha mashine nzima kwa blauzi mbili na suruali mbili. Tuandike nusu, tusisumbuane."

"Umewahi kuja kwangu?"

"Samahani?"

"Nyumbani kwangu. Umewahi kufika ukaona ninavyofua?"

"Hapana, lakini..."

"Basi umejuaje?"

Kijana alisema anajua kwa sababu wote ndivyo wanavyofanya. Hinekura aliivuta barua yake kutoka chini ya kiwiko cha kijana, akaikunja na kuitia mkobani.

"Wote ni wengi," alisema. "Mimi ni mmoja. Kwaheri."

Alitoka nje, akakaa garini bila kuwasha. Rewi alikuwa amemwandikia kisichokuwa chake, bila kumwuliza. Huyu naye alitaka kumnyang'anya kilicho chake, pia bila kumwuliza. Na mumewe alitaka afute kila kitu. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza anafua vipi. Alimkumbuka mama yake na mabeseni yake mawili. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akaondoka.

Tangazo aliliona mlangoni pa maktaba alipokwenda kurudisha vitabu vya watoto. Lilisema kuna msaada wa bure wa mambo ya kodi kila Alhamisi, kwa watu wenye kipato cha kawaida. Alhamisi saa nne alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hohepa alikuja pia. Aliambiwa achague, aje kwa miguu yake au aburutwe.

Mezani alikaa mwanamke wa miaka kama sabini, mwenye miwani yenye kamba. Zamani alikuwa karani wa mishahara katika karakana ya reli. Sasa amestaafu, na anajitolea baada ya kupewa mafunzo na ofisi ya kodi yenyewe.

"Naitwa Glenda," alisema. "Karibuni mkae."

"Asante, Bi Glenda," Hinekura alisema.

"Ukiniita Bi nitazeeka zaidi, na hali yenyewe unaiona. Niite Glenda. Haya, nini kimewasumbua?"

Hinekura aliweka barua mezani. Glenda aliisoma yote, mbele na nyuma. Kisha akavua miwani.

"Kabla sijasema lolote, niambie wewe. Nguo hizo za kazini zikoje, na unazifua vipi?"

Hinekura alimtazama. Hatimaye mtu ameuliza!

Alieleza. Glenda alisikiliza, akiuliza swali hapa na pale.

"Hizo sare ni lazima?"

"Ni lazima. Usipovaa unarudishwa nyumbani."

"Zina nembo?"

"Blauzi kifuani, suruali mfukoni."

"Safi. Hilo ni jambo la kwanza. Lazima iwe sare ya kazi yenye kutambulika, au nguo ya kukukinga na hatari ya kazi. Mwajiri akikuambia tu njoo na suruali nyeusi na shati jeupe, hizo ni nguo za kawaida. Huwezi kuzidai, hata kama umelazimishwa. La pili: kuna mashine kazini? Wanakufulia?"

"Hakuna."

"Wanakurudishia pesa ya sabuni?"

"Thubutu!"

Glenda alicheka. "Basi gharama ni yako, na unaruhusiwa kuidai. Sasa la tatu, ndilo lenye maneno. Unazifua peke yake au pamoja na nguo za nyumbani? Ukizifua peke yake, ofisi inakubali dola moja kwa kila mara unapowasha mashine. Ukizichanganya, ni senti hamsini."

"Peke yake."

Glenda alirudisha miwani usoni, akamtazama. "Kila mara? Blauzi mbili tu?"

Hinekura alihisi damu ikimpanda tena. Aliegemea mezani.

"Mama yangu alikuwa na mabeseni mawili," alisema. "La jikoni na la nguo. Hakuwahi kuyachanganya mpaka anaingia kaburini. Mimi nafuta vinyesi vya wazee, Glenda. Nawaosha maiti. Halafu nguo hizo nizifue na taulo ninalofutia kijiko cha mwanangu? Au na shati la shule? Kwetu hiyo haifanyiki. Si kwamba naogopa vijidudu, na vijidudu navyo vipo. Haifanyiki tu! Yule kijana wa tai aliniambia hakuna mtu anayefua hivyo. Mimi ni mtu. Mama yangu alikuwa mtu."

Watu wawili kwenye foleni waligeuka kutazama. Hohepa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni kweli," Hohepa alisema polepole. "Ananifundisha kila wiki. Aliwahi kutupa taulo zangu mbili."

"Basi ni dola moja," Glenda alisema. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Sheria haiulizi jirani anafua vipi. Inauliza wewe umefua vipi. Kijana amekosea."

Hinekura alishusha pumzi ndefu. "Na ile mia na hamsini?"

"Ahaa! Hiyo ndiyo inawaponza watu nchi nzima. Sikilizeni vizuri. Mia na hamsini si zawadi. Ni mpaka tu. Dai lako la kufua likiwa halizidi hapo, hudaiwi risiti. Lakini hesabu lazima uwe nayo. Wakikuuliza umeipataje, uweze kueleza: nafua mara kadhaa kwa wiki, nimefanya kazi wiki kadhaa, namna yangu ni hii. Aliyekuandikia alifikia namba kwanza, akaacha ukweli nyuma."

"Shemeji yangu."

"Kila ukoo una shemeji huyo," Glenda alisema. "Na jambo moja zaidi, usije ukategemea makubwa. Hawakupi hizo dola. Wanaziondoa kwenye mapato yako kabla ya kuyatoza kodi. Kwa mshahara kama wako, katika kila dola mia unazodai, mfukoni unabaki na kama thelathini na kitu."

Hohepa alimkonyeza mkewe, kama kusema si nilikwambia ni vipesa. Hinekura hakumwangalia.

"Haya, tuhesabu," Glenda alisema, akachukua kalamu. "Mara tatu kwa wiki. Likizo wiki nne, zinabaki wiki arobaini na nane. Mara tatu ni mia moja arobaini na nne. Umeona? Hukuwa mbali."

"Hapana," Hinekura alisema.

"Hapana vipi?"

"Kuna wiki moja mwezi wa tano sikufua. Nilikuwa Opotiki." Alisita. "Namzika mama."

Glenda aliweka kalamu chini. "Pole sana."

"Wiki hiyo iondoe."

"Mke wangu," Hohepa alinong'ona, "dola tatu tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nitatumia msiba wa mama kuongopea sabuni? Iondoe, Glenda."

Glenda aliiondoa. Ikabaki mia moja arobaini na moja.

"Sasa wewe, bwana," Glenda alimgeukia Hohepa. "Nawe una mia na hamsini. Unafanya kazi gani?"

"Naendesha mashine ya kuinulia mizigo, bohari ya matairi."

"Unavaa nini?"

"Jinzi. Fulana. Na kizibao cha manjano chenye mistari ya kung'aa."

"Jinzi na fulana ni nguo za kawaida, hata zikijaa grisi. Futa. Kizibao ni cha kukukinga, hicho kinakubalika. Unakifua mara ngapi?"

Hohepa alikuna shingo.

"Baba," Hinekura alisema, "mwambie mama wa watu ukweli. Kile kizibao hakijaona maji tangu Pasaka."

"Pasaka ya mwaka gani?" Glenda aliuliza.

Foleni yote iliangua kicheko. Hohepa naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Usichokifua hukidai. Mia na hamsini yake yote ilifutwa pale pale, kwa mkono wake mwenyewe. Glenda alimwambia mtu akijirekebisha mwenyewe mapema, mara nyingi hurudisha tu alichopewa zaidi, pengine na riba kidogo. Akikaa kimya mpaka ashikwe, faini inamngoja.

Kisha Glenda alimpa Hinekura karatasi nyeupe.

"Maelezo uyaandike wewe. Mimi nitasoma tu kama nimeelewa."

Hinekura hakuwa mwandishi wa barua. Lakini alizijua siku zake za kufua kama vidole vyake. Aliandika:

*Dai la mia moja na hamsini halikuwa sahihi. Sikulihesabu mimi, lakini lilikwenda kwa jina langu, kwa hiyo kosa ni langu. Hesabu ya kweli ni mia moja arobaini na moja. Nafua sare zangu Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Nilifanya kazi wiki arobaini na saba. Naambatanisha ratiba ya zamu. Nafua sare peke yake, kila mara, kwa sababu kwetu nguo za kazi ya miili hazichanganywi na vitu vya nyumbani. Dola tisa si zangu, nazifuta. Mia moja arobaini na moja ni zangu, na siziachi.*

Glenda alisoma. Alisoma tena mstari wa mwisho.

"Hapa umewaka," alisema.

"Nipunguze?"

"Wala usiguse."

Walipofika nyumbani walimkuta Rewi ameegemea uzio, anataka habari. Alipoelezwa, alishika kichwa.

"Shemeji! Umewatajia mwenyewe dola tisa? Hawakuwa hata na habari nazo! Watakuchunguza mpaka sabuni. Na hiyo mia na arobaini sijui ngapi wataikataa, utaona. Nani ataamini hadithi ya mabeseni?"

"Wasipoamini, waje wasimame karibu na mashine yangu Jumatatu alfajiri. Nitawapa na chai."

"Kwa pesa za kununulia samaki na chipsi?"

"Rewi," Hinekura alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Si pesa. Ningekuwa natafuta pesa ningeongeza zamu moja. Mtu ameniambia mimi sipo. Ameniambia ninavyoishi hakuna anayeishi hivyo. Nikikubali nusu, nimekubali hivyo. Nikikaa na dola zako tisa, nitawatazamaje usoni nikiwaambia nasema kweli?"

Rewi alisema ana zamu, akaenda zake.

Wiki tatu zilipita. Hinekura alijifanya hangojei. Lakini Hohepa alimwona akilifungua sanduku la barua mara mbili kwa siku, hata Jumapili ambayo barua haziji. Hohepa mwenyewe alipata jibu kwanza. Aliambiwa arudishe kiasi kidogo, bila faini. Alilipa siku hiyo hiyo, na jioni kizibao chake kilionekana kwenye kamba ya kuanikia, kinachuruzika maji. Jirani mmoja alisimama kukitazama.

Barua ya Hinekura ilikuja Ijumaa. Hohepa alimletea kibarazani, akasimama pembeni, akikwepa kumwangalia usoni.

"Fungua wewe," Hinekura alisema. "Mimi mikono ina sabuni."

Mikono ilikuwa mikavu kabisa. Hohepa alifungua. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma kanisani. Marekebisho yamepokewa. Dai la kufua sare, mara mia moja arobaini na moja, zikifuliwa peke yake, kwa dola moja kila mara, limekubaliwa kama lilivyoelezwa.

"Rudia hapo," Hinekura alisema.

"Limekubaliwa kama lilivyoelezwa."

"Hapana. Kabla ya hapo."

"Zikifuliwa peke yake."

Hinekura alikaa kwenye ngazi. Alilia, na safari hii hakuyafuta machozi. Alikuwa na furaha, na alitamani mama yake angekuwepo asikie. Hohepa alikaa karibu naye.

"Nilitaka ufute," Hohepa alisema. "Nilikosea."

"Ulikosea sana," Hinekura alijibu, akamwegemea.

Kesho yake alitundika kalenda ukutani juu ya mashine, na kalamu yenye uzi. Kila mara sare zikiingia peke yake, anatia alama. Humchukua sekunde tano tu, na mwisho wa mwaka hesabu inamsubiri. Kazini aliwaeleza wenzake wakati wa chai, bila kuwaficha hata kosa lake. Aliwaambia: sare iwe ya lazima na yenye nembo, uifue mwenyewe kwa gharama yako, uhesabu kweli, useme kweli kama unachanganya au huchanganyi. Mmoja alisema yeye huchanganya na nguo za mumewe. "Basi senti hamsini, na usione haya," Hinekura alimwambia. "Ni zako." Sasa chumba cha wafanyakazi kina kalenda ya kumpa kila anayetaka.

Mwezi wa saba uliofuata, Hinekura alijaza fomu yake mwenyewe mezani, kalenda ikiwa pembeni. Rewi aliingia bila bia na bila simu mkononi. Naye alikuwa ameletewa barua. Alikaa, akasogeza kiti.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kukopa. "Nijazie na mimi."

"Sare yako ina nembo?"

"Begani. Kubwa."

"Unafua mara ngapi kwa wiki?"

Rewi alitazama dari. "Mama ndiye anayefua."

"Na sabuni?"

"Mama."

"Na umeme?"

Rewi alijikuna kisogo. Kutoka chumba cha kufulia, Hohepa alicheka peke yake.

Hinekura alisimama, akachukua boksi la sabuni kutoka rafuni na kumwekea Rewi kifuani. Akampa na kalenda mpya, ambayo bado haikuwa na alama hata moja.

"Zangu nimezifua mwenyewe, nikazihesabu mwenyewe, nikazitetea mwenyewe," alisema. "Zako nenda kazifue kwanza. Tutaonana mwezi wa saba mwakani."